Fundi Kichwa na Kidonge cha Ziada

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa sebule na karakana kwa pamoja. Kulikuwa na cherehani mbili, pasi, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mama Fundi alishona upande wa dirishani. Mumewe alipima na kukata. Hakuruhusu mtu mwingine auguse mkasi wake. Binti yao aliwahi kuutumia kukatia karatasi, akahubiriwa mpaka akatamani angechapwa yaishe.

Mumewe aliitwa Fundi Kichwa. Hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa kichwa, ingawa watani walisema hata hiyo ingekuwa sababu tosha. Alipewa kwa sababu hakuandika vipimo. Alimsimamisha mteja mbele ya kioo, akazungusha futi yake kifuani, kiunoni na begani, kimya. Kisha alikunja futi, akaenda mezani, akachora kwa chaki na kukata. Nguo ilikuja kumkaa mteja kana kwamba alizaliwa nayo.

"Fundi anayeandika haamini kichwa chake," alipenda kusema.

"Na mke anayeandika vitu vya kununua sokoni?" Mama Fundi alimchokoza.

"Huyo nimemuoa mimi, na bado anasahau chumvi."

Walicheka. Siku hizo kicheko kilikuwa karibu katika nyumba ile, licha ya kaburi moja dogo walilokuwa nalo. Walizaa watoto wawili. Wa pili, msichana, kitinda mimba wao, alifariki kwa homa akiwa na miaka sita. Walimwita Kitinda tu. Baada ya mazishi Fundi hakumtaja tena, na mkewe alijifunza kutomtaja mbele yake.

Kisha mkono wa kulia wa Fundi ukaanza kutetemeka. Ulitetemeka zaidi akiwa amekaa tu, hana kazi. Hatua zake zikawa fupi. Uso wake ukakakamaa, hata akifurahi hauonyeshi. Mama Fundi alidhani amemnunia. Alimnunia na yeye, wakakaa wiki nzima wakinuniana bila kosa. Hatimaye walikwenda hospitali, na daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson.

"Haponi," daktari alisema, "lakini dawa zitamsaidia."

Dawa zilisaidia kweli. Mkono ulitulia na mkasi ukarudi mezani. Vidonge vikawa kazi ya mkewe. Alimpa asubuhi, mchana na jioni. Fundi alinyoosha kiganja, akapokea, akameza bila kutazama. Kwa nini atazame? Ulikuwa mkono wa mke wake.

Lakini kulikuwa na jambo dawa haikulimaliza. Vipimo vilianza kumponyoka. Alipima mbele ya kioo, akageuka, na kabla ya kufika mezani namba zimekwenda. Pikipiki ikipiga honi barabarani, zimekwenda. Mtu akimsalimu, zimekwenda. Alirudi kupima tena, akijifanya anahakikisha. Siku moja hakurudi kupima. Alikata kwa kukisia, na sketi ya mwalimu wa jirani ikaishia magotini wakati mwenyewe aliitaka ya kufika chini.

"Baba, si uandike tu?" binti yake alisema.

"Nikianza kuandika, nifunge duka," alijibu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Binti huyo alikuwa na mchumba. Alifanya kazi katika duka la mikate, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Kabatini kulikuwa na kitambaa cha hariri, cheupe kama maziwa. Mama mzazi wa Fundi alikiacha kabla hajafa, kwa ajili ya mjukuu atakayeolewa. Kilikuwa kimoja tu, na kilitosha gauni moja. Fundi alikuwa amemuahidi mama yake kwamba atakikata mwenyewe.

Mama Fundi alikiwaza kitambaa kile akiwa anashona, akipika, akifagia. Itakuwaje namba zikimponyoka siku hiyo?

Hapo ndipo alipojiletea balaa kwa nia njema. Alikuwa ameona kwamba saa moja hivi baada ya kidonge, mumewe huwa bora. Mkono hutulia, maneno huja. Akajiambia, kama kimoja kinaleta nafuu, viwili vitaleta zaidi. Hakumuuliza mtu. Akaanza kuongeza kidonge kimoja, halafu viwili. Fundi alinyoosha kiganja, akameza bila kutazama.

Mwanzoni alifurahi. Mumewe alichangamka kupita kiasi. Alizungumza sana. Asubuhi nzima alikaa na kopo la vifungo, akivipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha akavimwaga na kuanza upya. Chakula kikapoa mbele yake.

"Baba, vifungo vimekukosea nini?" binti aliuliza.

"Vinataka utaratibu," alijibu, na hakuinua macho.

"Mwache," Mama Fundi alisema. "Nguvu zimemrudia."

Ndugu msomaji, nguvu hazikuwa zimemrudia. Ile ilikuwa dalili, na dalili ikikupungia mkono ukaiitikia kwa tabasamu, usishangae ikihamia nyumbani kwako.

Siku ya kukata ilifika. Mama Fundi alitandika hariri mezani na kuipiga pasi kwa uangalifu. Binti alikuwa kazini, angekuja kupimwa akitoka. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Mama Fundi alimpa mumewe vidonge, vitatu kwa mpigo, akamwambia, "Pumzika, tunamsubiri bibi harusi." Akaenda dukani kununua uzi. Alikutana na jirani njiani, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Akasema nyumbani ni salama.

Aliporudi alisikia mkasi kabla hajafungua mlango.

Fundi alikuwa amesimama mezani, jasho linamtiririka. Mabega na shingo vilijipinda vyenyewe, huku na huku, bila yeye kutaka. Lakini mkono wenye mkasi ulikata bila kusita. Hariri ilikuwa vipande. Vingine vilikuwa sakafuni. Alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo mkewe hakuliona tangu ugonjwa uanze, na alizungumza na mtu wa kimo kifupi aliyesimama karibu na mguu wa meza. Pale hapakuwa na mtu.

"Simama wima, mwanangu," alisema. "Usicheze. Karibu namaliza."

"Baba watoto!" Mama Fundi alilia. "Unafanya nini?"

"Shh. Utamuogopesha. Si unaona amesimama muda mrefu?"

Mama Fundi alimshika mkono, akamnyang'anya mkasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao aliushika mkasi ule. Mumewe alimtazama kwa mshangao, kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Binti aliingia wakati huo, viatu vyake bado vina unga. Alitazama meza, akatazama sakafu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso.

Waliita teksi, wakampeleka Fundi hospitalini, kwenye kliniki ya magonjwa ya neva. Nesi wa pale aliwafahamu. Magauni yake ya kazi yalishonwa na Fundi Kichwa, na hata siku hiyo alikuwa amevaa moja. Daktari alimpima Fundi, akaagiza alazwe ili wamwangalie. Nesi akamkalisha Mama Fundi kwenye benchi la ukutani.

"Mama, amekuwa akimeza vidonge vingapi?"

"Vilevile alivyoandika daktari."

Nesi alimkazia macho. Alisubiri tu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mama Fundi haikumaliza hata benchi.

"Nilimuongezea," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilitaka akate vizuri. Nesi, nilidhani dawa ikiwa nyingi na nguvu zinakuwa nyingi. Nimemuua mume wangu?"

"Hujamuua. Lakini umemuumiza, sitakudanganya. Sasa nisikilize, maana daktari atambadilishia utaratibu na wewe ndiye utakayeusimamia. Mumeo akimpima mtu kifua, namba anaiona kwenye futi. Futi ikishakunjwa, namba iko wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani wapi?"

Mama Fundi alijishika utosini.

Nesi aligusa paji lake la uso. "Ubongo una gamba la nje, lenye mikunjo mikunjo. Sehemu ya mbele ya gamba hilo iko hapa, nyuma ya paji. Ina seli za neva nyingi mno. Zinapashana habari kwa ishara za umeme mdogo na kemikali. Fundi akisoma thelathini na sita, baadhi ya seli hizo zinaanza kupeana ishara. Huyu anampa yule, yule anamrudishia. Mradi wanaendelea, thelathini na sita ipo, hata kama futi imeshakunjwa. Wakinyamaza kabla Fundi hajafika mezani, imepotea."

"Kwa nini za mume wangu zinanyamaza?"

"Kwa sababu ya dopamini. Hiyo ni kemikali. Inatengenezwa na seli nyingine, zilizo chini katikati ya ubongo, na inapelekwa mpaka huku mbele. Dopamini haibebi namba. Kazi yake ni kuziweka sawa seli za mbele, ili ile ishara inayotakiwa iwe na nguvu na kelele nyingine zipungue. Ugonjwa wa mumeo unaua seli zinazotengeneza dopamini. Ikipungua, mkono unatetemeka na mwili unakuwa mzito. Na huku mbele vilevile ishara inafifia. Honi ikipigwa, namba imefutika."

"Basi si ndiyo maana nikaongeza?" Mama Fundi alisema kwa uchungu. "Kama imepungua, si iongezwe?"

"Iongezwe kwa kiasi. Mama, wewe unashona. Uzi wa juu wa cherehani ukiwa umelegea, inakuwaje?"

"Mshono unakuwa na vitanzi. Haushiki."

"Ukiukaza?"

"Unashika."

"Ukizidi kuukaza?"

"Unakatika," alisema.

"Ndivyo seli za mbele zilivyo na dopamini. Ikiwa kidogo hazishiki. Ikiwa ya kutosha zinashika vizuri. Ikizidi, zinavurugika. Nyingine zinazimwa, na mtu anang'ang'ania jambo moja asiweze kuliacha. Je, hukuona akirudia kazi isiyo na maana?"

"Vifungo," Mama Fundi alinong'ona. "Alipanga vifungo asubuhi nzima. Nikasema nguvu zimemrudia."

"Hapo ndipo ungekuja kutuambia. Tena dawa haiendi sehemu moja. Huwezi kuituma mkononi peke yake. Inafika ubongo mzima. Ikizidi, mwili unajipinda wenyewe, na mtu anaweza kuona watu ambao hawapo."

"Atarudi kuwa kama zamani?"

Nesi alitazama mikono yake. "Haya ya leo yatapungua dawa ikirekebishwa. Lakini seli zilizokufa hazirudi, mama. Ugonjwa utaendelea polepole. Tutamsaidia aishi nao."

Kisha akamweleza mambo ya kufuata. Dawa zitolewe kwa saa zilezile kila siku. Zisiongezwe, na zisikatishwe ghafla, kwani kukatisha nako ni hatari. Akirudia rudia kazi, akikosa usingizi, akiona wasiokuwepo, waje kliniki upesi. Na kichwa chake kipunguziwe mzigo: kazi moja kwa wakati mmoja, redio izimwe, na kila namba isemwe kwa sauti na kuandikwa papo hapo.

"Kuandika?" Mama Fundi alitikisa kichwa. "Humjui mume wangu."

Mama Fundi alirudi nyumbani kuokota vipande. Binti alikataa kuvigusa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu lazima ifutwe. Alikusanya kipande kimoja kimoja, akavilaza mezani ajue kama kuna kinachofaa hata kwa mkono wa gauni. Ndipo alipoona kwamba havikuwa vimekatwa ovyo. Kipande kimoja kilikuwa kifua cha mbele. Kingine mgongo. Mikono miwili, midogo, imelingana sawasawa. Lilikuwa gauni zima, halijashonwa, la mtoto wa miaka sita.

Alijua ni la nani. Alikaa sakafuni, akalia mpaka kwikwi zikamkauka. Kisha akafunga vipande kwenye kanga yake na kuvificha chini kabisa ya kabati.

Fundi aliporudi kutoka hospitali alikuwa mnyonge na mkimya. Mkewe alimweleza kila kitu, kidonge kwa kidonge. Hakujitetea.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Kitambaa cha mama yangu," alisema.

"Nisamehe, mume wangu."

"Kitambaa ni kitambaa. Mimi nilikuwa nakupa kiganja changu."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Tangu siku hiyo alishika chupa ya vidonge mwenyewe. Kila saa ya dawa ilipofika, alitoa kidonge kwa vidole vinavyotetemeka, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama, ndipo akameza. Mkewe alikaa pembeni na glasi ya maji. Hilo tu ndilo aliloachiwa. Lilimuuma sana, na alijua anastahili.

Binti alinunua kitambaa cha dukani, cheupe, cha kawaida.

"Si kibaya," alisema.

Siku ya kupima, Mama Fundi alizima redio na kufunga dirisha la barabarani. Dawa ilikuwa imemezwa kwa saa yake. Binti alisimama mbele ya kioo. Fundi alimpima kifuani, kiunoni, begani, kimya kama zamani. Alikunja futi. Alitembea hatua zake fupi mpaka katikati ya chumba, akasimama. Midomo yake ilicheza. Haikutoka namba.

Alirudi, akapima tena. Safari hii alifika mezani, akashika chaki, chaki ikabaki hewani.

Binti alikuwa akimtazama baba yake kupitia kioo, macho yamejaa machozi.

Fundi alirudi mara ya tatu. Alizungusha futi kifuani kwa bintiye, akainama, akaisoma kwa muda mrefu.

"Thelathini na sita," alisema kwa sauti. Alikohoa. "Mama Fundi, andika."

"Niandike wapi?"

"Popote. Kwenye mlango wa kabati. Andika kabla sijabadili mawazo."

Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati, namba kubwa za kusomeka kutoka mezani. Kiuno, nyonga, bega, urefu. Fundi alisoma mlangoni, akachora kwenye kitambaa. Mistari yake ilitetemeka, kwa hiyo binti akaifuata kwa rula. Alipofika kwenye kukata, Fundi alishika mkasi, akautazama, akamgeuzia bintiye upande wa mpini.

"Kata wewe. Polepole. Usiinue ncha."

"Baba, mkasi wako?"

"Hukunisikia? Nimesema usiinue ncha."

Gauni lilimkaa binti vizuri. Siku ya harusi watu walimsifu Fundi Kichwa, na yeye aliitikia kwa kichwa, kwa uso wake usiotabasamu. Wasiojua walisema ana maringo. Mkewe alijua kwamba amefurahi, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza kumsoma machoni.

Duka halikufungwa. Wateja walizoea kusikia vipimo vyao vikitajwa kwa sauti, hata wale wanene walioona haya. Mlango wa kabati ulijaa namba, zikafutwa, zikajaa tena. Vifungo vilibaki koponi. Fundi hakuona tena watu wasiokuwepo.

Siku moja, mchana ukikaribia, Fundi alikaa kwenye kiti chake kando ya meza ya kukatia na kumuita mkewe.

"Vile vipande viko wapi?"

"Vipande gani?"

"Usinifiche tena kitu. Vipande vya hariri."

Alikwenda kabatini, akatoa kanga, akaifungua juu ya meza. Fundi alivipanga taratibu, kifua na mgongo na mikono, mpaka gauni dogo likalala mbele yao. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitamka jina.

"Nilimuona Kitinda. Alisimama hapa. Nesi anasema ni dawa. Najua ni dawa. Lakini vipimo havikuwa vya dawa. Hivyo ninavyo siku zote. Vya mteja wa leo vinanitoka hapo katikati ya chumba, na vya Kitinda vipo."

"Nilipomuuliza nesi, alisema kumbukumbu za zamani zina mahali pengine," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Si kama namba za kushika kwa muda mfupi."

"Na ugonjwa ukifika hapo pengine?"

Mama Fundi aliikunja kanga tupu.

"Chukua chaki," Fundi alisema. "Hapana, chaki inafutika. Chukua penseli. Andika upande wa ndani wa mlango, wateja wasione." Alifumba macho. "Kifua, ishirini na nne. Kiuno, ishirini na mbili. Bega, kumi. Urefu, ishirini na sita."

Mama Fundi aliandika zote. Alipomaliza, Fundi aliinuka, akaja mpaka mlangoni na hatua zake fupi, akapitisha kidole kwenye kila namba, akisoma kama mtu anayehakiki kazi ya mwanafunzi. Akasimama kwenye moja.

"Bega ni kumi na nusu," alisema. "Alikuwa anaanza kukua."

Kisha akanyoosha kiganja chake kwa mkewe, kwa kuwa saa ya kidonge cha pili ilikuwa imefika. Mama Fundi aliongeza ile nusu kwanza, akaweka penseli chini, akaenda kuchukua chupa.